Bwana Harrison na Uzi wa Buibui

Bibi yangu alipokuwa mgonjwa wa saratani ya titi, nilimsikia daktari akimweleza baba ya kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kutembea mpaka mifupani. Neno hilo la kutembea lilinikaa sana moyoni. Saratani haina miguu, yatembeaje? Bibi alifariki kabla sijapata jibu. Baadaye nilimwuliza mwalimu wetu wa biolojia, naye akanielekeza kwenye maisha ya mtaalamu mmoja wa Marekani, ambayo sasa nawaletea ninyi wasomaji wa gazeti letu.

Bwana Ross Granville Harrison alizaliwa Philadelphia tarehe 13 Januari, 1870. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, kisha akaenda Bonn, Ujerumani, alikopata udaktari wa tiba mwaka 1899. Mkewe, Ida Lange, alikuwa Mjerumani.

Siku zile wataalamu walikuwa wakigombana juu ya mishipa ya fahamu. Wengine walisema kila uzi wa fahamu huchipuka katika chembe yake moja, kama mzizi katika mbegu. Wengine walikataa kabisa. Maneno yalikuwa mengi, lakini hakuna aliyekwisha kuuona uzi ukikua.

Mwaka 1907 Harrison aliuona. Alikata kipande kidogo cha mgongo wa kiluwiluwi mchanga sana, akakitia katika tone la maji yatokayo mwilini mwa chura, ambayo huganda kama damu. Tone hilo lilining'inia chini ya kioo chembamba, kando zikizibwa kwa nta. Chembe ziliishi humo kwa siku nyingi, na nyuzi zikachipuka mbele ya macho yake. Hivyo ndivyo ulivyoanza ufundi wa kukuza chembe nje ya mwili, ambao maabara za dunia nzima zinautumia hata leo.

Ila mimi napenda zaidi jambo alilofanya baadaye, akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Yale. Alitaka kujua kama chembe hujali kitu inachokikanyaga. Basi alichukua nini? Utando wa buibui! Aliunyosha ndani ya tone, akaweka chembe. Zilizoshika uzi zilirefuka na kutambaa kuufuata, kama siafu juu ya kamba. Zilizokaa juu ya kioo zilitanda bapa. Zilizokosa cha kushika zilijikunja kuwa duara, zisiende popote. Habari hizo alizitoa kwa ukamilifu mwaka 1914.

Mwaka 1917 kamati ya Nobel ilipendekeza apewe tuzo ya tiba, lakini vita vilikuwa vimewaka Ulaya na mwaka ule hakupewa mtu. Alifikiriwa tena mwaka 1933, akakosa. Kwangu mimi huo ni uonevu wa bahati. Alifariki tarehe 30 Septemba, 1959, akiwa na miaka 89.

Waliomfuata waliligeuzia swali lake kwenye saratani. Katika miaka ya 1950 Michael Abercrombie na wenzake, mjini London, waliona ya kuwa chembe nzima ikigusana na mwenzake husimama, bali chembe za saratani walizozijaribu zilipita tu. Tena chembe nyingi za mwili zikikosa cha kushika haziongezeki, na mwisho hufa. Nyingi za saratani huendelea kuzaana bila kujali. Siku hizi watu huchonga vijifereji vyembamba kuliko unywele, wakatazama chembe zinavyojipanga. Zilizo nzima kwa kawaida hufuata mistari. Za saratani hutofautiana, nyingine hufuata, nyingine hazijali sana.

Na ndani ya titi lenyewe mna nyuzi ngumu zinazoshikilia nyama. Penye uvimbe, pengine nyuzi hizo hunyoka na kuelekea nje, na chembe za saratani huzishika zikatambaa mpaka kwenye mishipa ya damu, kisha damu huzichukua mbali.

Hivyo ndivyo ninavyofahamu sasa safari ile iliyofika mifupani mwa bibi.