Edgar Rice Burroughs: Jamaa aliyemtunga Tarzan bila kukanyaga Afrika

Karibu kila mtu anamjua Tarzan, yule mzungu aliyelelewa na sokwe, anayebembea kutoka mti mmoja hadi mwingine na kupiga ukelele unaotikisa msitu mzima. Aliyemtunga hajulikani sana. Anaitwa Edgar Rice Burroughs, Mmarekani aliyeandika zaidi ya vitabu 20 vya Tarzan, vingi vikiwa na mandhari ya Afrika, na akafa bila kufika bara hili hata siku moja.

Burroughs alizaliwa Chicago Septemba 1, 1875. Kwao hawakuwa na shida, kwani baba yake alikuwa na kampuni ya betri. Lakini kwa Edgar mwenyewe mambo yaligoma mapema. Mwaka 1895 alifeli mtihani wa kuingia chuo cha kijeshi cha West Point. Akajiunga na jeshi kama askari wa kawaida, akapelekwa Arizona, na mwaka 1897 akaachishwa kwa tatizo la moyo.

Kazi nyingi, mfuko mtupu

Baada ya hapo alijaribu karibu kila kitu. Alichunga ng'ombe, akachimba dhahabu Idaho, akafungua duka la vifaa vya kuandikia na kuwa askari wa reli Salt Lake City. Hakuna kilichodumu. Mwaka 1900 alimuoa Emma Hulbert, na hali ilipobana sana vito vya mke wake vilipelekwa kuwekwa rehani ili nyumbani wale.

Mwaka 1911 alikuwa na miaka 35, watoto wawili, na biashara ya vichongeo vya penseli isiyouza. Muda alikuwa nao wa kutosha. Akawa anasoma majarida ya hadithi yaliyokuwa yakiuzwa kwa senti chache, yaliyochapwa kwenye karatasi duni ya mbao. Hadithi zilikuwa za mapigano, mapenzi na maajabu, na wasomaji walikuwa wengi mno. Burroughs akajiambia kwamba kama watu wanalipwa kwa hadithi mbovu kiasi hicho, hata yeye anaweza.

Akaanza kuandika nyuma ya karatasi kuukuu za ofisi. Hadithi yake ya kwanza, ya mwanajeshi anayejikuta kwenye sayari ya Mars, ilinunuliwa na jarida la All-Story kwa dola 400 na kuanza kutoka Februari 1912. Aliona aibu kutumia jina lake, akachagua jina la utani la Normal Bean, yaani mtu mwenye akili timamu. Jarida likadhani amekosea herufi, likaandika Norman.

Oktoba mwaka huohuo, All-Story likachapa hadithi nzima ya Tarzan katika toleo moja. Safari hii alilipwa dola 700.

Afrika ya maktaba

Habari za Afrika Burroughs alizipata vitabuni, kikiwamo cha mvumbuzi Henry Morton Stanley. Ndiyo maana kwenye jarida alimuweka chui milia, mnyama wa Asia, katikati ya msitu wa Afrika. Wasomaji walilalamika, na kitabu kilipotoka mwaka 1914 mnyama huyo akageuzwa kuwa simba jike.

Chui milia alirekebishwa. Watu hawakurekebishwa. Katika hadithi hiyo ya kwanza, Waafrika wa kijiji cha Mbonga wanachorwa kama wala watu, huku mtoto wa kizungu akiwa bwana wa msitu kwa sababu tu ana damu ya ukoo wa kifahari wa Uingereza. Kwenye kitabu cha pili kuna kabila la wapiganaji linaloitwa Waziri, neno ambalo kwa msemaji wa Kiswahili ni cheo cha serikalini. Hao wanasifiwa kwa ushujaa, lakini mzungu ndiye anayekuja kuwa chifu wao.

Kwa mamilioni ya watu Marekani na Ulaya waliokuwa hawajawahi kukutana na Mwafrika, hiyo ndiyo Afrika waliyoijua.

Alishika haki zake

Kibiashara, Burroughs alikuwa mjanja. Aliwauzia majarida haki ya kuchapa hadithi tu, mengine akabaki nayo mwenyewe. Filamu ya kwanza ya Tarzan ilitoka 1918. Mwaka 1919 alinunua shamba la zaidi ya ekari 500 California na kuliita Tarzana, na mwaka 1923 akasajili kampuni kwa jina lake. Vibonzo, vipindi vya redio na bidhaa vikafuata, kila kimoja na malipo yake.

Mwaka 1932 muogeleaji bingwa wa Olimpiki, Johnny Weissmuller, akawa Tarzan maarufu kuliko wote. Filamu ile ilipigwa California, na tembo wa Asia wakabandikwa masikio makubwa ya bandia ili wafanane na wa huku. Tarzan wa vitabuni ni msomi anayezungumza lugha kadhaa, ila wa filamu anaongea kwa kubabaisha, jambo ambalo halikumfurahisha mtunzi.

Nyumbani hakukuwa shwari. Ndoa na Emma ilivunjika 1934, na ya pili, aliyofunga na Florence Gilbert mwaka 1935, ikafa 1942. Desemba 1941 alikuwa Honolulu Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor. Akiwa na miaka 66, akageuka mwandishi wa habari za vita.

Alifariki Machi 19, 1950, akiwa na miaka 74. Majivu yake yalizikwa chini ya mti nje ya ofisi yake Tarzana, ambayo leo ni mtaa wa jiji la Los Angeles. Mtaa huo una jina la mtu ambaye hajawahi kuishi, aliyetawala msitu ambao haukuwahi kuwapo.