Samuel Plimsoll na Mstari wa Merikebu

Kila aendaye Pemba kwa meli hufaidi kazi ya Samuel Plimsoll. Mtu huyu alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1824. Katika ujana wake aliuza makaa ya mawe, akafilisika, akaonja umaskini. Mwaka 1868 akachaguliwa kuingia Bungeni.

Siku zile matajiri wengine walijaza shehena kupita kiasi katika merikebu mbovu zilizokatiwa bima. Chombo kikizama, tajiri hulipwa. Baharia huacha mjane na mayatima. Plimsoll alitambua ya kuwa dhoruba huja mwisho tu, na msiba huanza bandarini wakati wa kupakia. Basi mwaka 1873 akatoa kitabu, akashindana hata sheria ikapitishwa mwaka 1876, merikebu zichorwe ubavuni mstari usiofaa kufunikwa na maji. Lakini wenye vyombo waliweza kuuchora watakapo, hata sheria ya mwaka 1890 ikawaondolea hiari hiyo. Plimsoll akafa mwaka 1898.

Tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander, iliyojazwa kupita kiasi, ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, wakafa watu wengi mno. Mstari humlinda msafiri iwapo apakiaye chombo anautii.