Larbi Ben Barek: muchezaji wa Casablanca aliyevaa jezi ya Ufaransa karibu miaka 16

Kwa wapenda kabumbu wa Butembo na Beni, jina Casablanca lingali na uchungu. Ni kule Leopards walipigwa 4 kwa 1 na Maroko, mwezi wa tatu 2022, na safari ya Kombe la Dunia ikaishia pale. Kiisha Maroko ikafika nusu fainali kule Qatar, inchi ya kwanza ya Afrika kufanya vile. Lakini muji ule ulikuwa umetoa muchezaji mukubwa zamani sana, mbele Maroko haijapata uhuru.

Larbi Ben Barek alizaliwa Casablanca wakati Ufaransa ndiyo ilitawala Maroko. Alikuwa muchezaji wa katikati: anagawa mipira, anasukuma washambuliaji, na yeye mwenyewe anafunga. Alijulikana katika US Marocaine ya Casablanca, na mwaka wa 1938 Olympique de Marseille ikamuchukua ng'ambo ya bahari. Musimu ule ule Marseille ikamaliza ya pili, nyuma ya Sète.

Tarehe 4 mwezi wa 12, 1938, aliitwa katika ekipe ya Ufaransa kucheza na Italia kule Napoli. Italia ilikuwa bingwa wa dunia, na chini ya Mussolini. Mashabiki walimupigia miluzi Ben Barek juu ya rangi yake. Ufaransa ilipoteza 1 kwa 0. Na tazama mambo ya ukoloni: Mumaroko hakuhesabiwa raia wa Ufaransa, lakini kwa mupira alifaa kuvaa jezi yake.

Vita ya Pili ya Dunia ikamurudisha Casablanca. Miaka mingi ya nguvu zake ilipotea hivyo. Mwaka wa 1945 akaenda Paris katika Stade Français, chini ya mufundishaji Helenio Herrera. Mwaka wa 1948 Atlético Madrid ikamununua. Herrera naye akamufuata kule, na pamoja wakachukua ubingwa wa Uhispania mara mbili mufululizo, 1950 na 1951. Watu walizoea kumuita Lulu Nyeusi. Lakini juu alikuwa anacheza inje, Ufaransa iliacha kumuita.

Alirudi Marseille mwaka wa 1953, na 1954 wakafika fainali ya Kombe la Ufaransa, wakapigwa na Nice 2 kwa 1. Wengi walifikiri amezeeka. Mwezi wa 9 mwaka ule, tetemeko la inchi likaua watu wengi kule Orléansville, Algeria. Ili kusaidia waliopatwa na musiba, wachezaji wa Afrika ya Kaskazini walicheza na Ufaransa kule Paris, wakashinda 3 kwa 2. Ben Barek alicheza muzuri sana mpaka Ufaransa ikamuita tena, siku chache tu nyuma, kucheza na Ujerumani kule Hannover. Ujerumani nayo ilikuwa bingwa mupya wa dunia. Aliumia mapema akatoka, lakini Ufaransa ilishinda 3 kwa 1. Toka Napoli mpaka Hannover ilikuwa miaka 15 na miezi 10. Lakini mechi zake zote kwa Ufaransa hazikufika hata 20.

Maroko ilipopata uhuru mwaka wa 1956, alirudi kwao, na akawa mufundishaji wa kwanza wa ekipe ya taifa. Kiisha jina lake likafifia polepole. Mwezi wa 9, 1992, alikutwa amekufa ndani ya nyumba yake Casablanca. Alikuwa peke yake, na siku zilikuwa zimepita bila mutu kujua.

Mwaka wa 1998 FIFA ikamupa nishani ya heshima, na leo kuna uwanja wa Casablanca wenye jina lake. Vyote vizuri, lakini vilikuja wakati yeye hakuweza tena kuviona. Hapa kwetu pia kuna wazee waliotufurahisha uwanjani zamani. Wale wangali hai, na mulango wao unaweza kugongwa leo.