Marehemu Ranchhod Oza, Mtunza Sura za Majirani

Katika kuadhimisha mwaka mwingine wa hekalu letu, tumeona vema kumkumbuka mzee mmoja wa Unguja ambaye utumishi wake ulikuwa kamera. Naye ni marehemu Ranchhod T. Oza, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki dunia mwaka 1993.

Kazi ya picha alijifunza katika studio ya A. C. Gomes, Mgoa ambaye jina lake lilikwisha kuvuma Zanzibar tangu karne ya kumi na tisa. Mwaka 1930 alifungua studio yake mwenyewe katika Mji Mkongwe, akaiita Capital Art Studio. Hadi leo jina hilo linajulikana katika barabara ya Kenyatta, kwani mwanawe aliipokea kazi na kuiendeleza.

Mlangoni pake waliingia watu wa kila namna: Waarabu, Wahindi, Wagoa na Waswahili. Walikuja maarusi, walikuja wazazi na watoto wao, walikuja vijana waliovaa nguo zao bora. Alipiga picha za Sultani na sherehe za jumba lake, na alipiga pia picha za mitaani: majahazi bandarini, milango ya nakshi, na wapanda baiskeli wa miaka ya 1950 katika vichochoro vyembamba. Picha hizo ni za rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, na kila kitu ndani yake kimeachiwa mwanga na kivuli. Ndipo uso wa mtu huonekana kwanza, kabla ya nguo na mapambo yake.

Januari 12, 1964 yalitokea Mapinduzi. Katika miaka iliyofuata familia nyingi za Kihindi ziliondoka visiwani. Nyingine zilivuka kuja bara, nyingine zilikwenda Uingereza na Bara Hindi. Mzee Oza alibaki, na studio ikabaki wazi. Hapa jina lake linatufundisha jambo. Ranchhod ni jina la Bwana Krishna, maana yake aliyeuacha uwanja wa vita, kwa kuwa aliwaondoa watu wake Mathura na kuwapeleka Dwarka, mji wa pwani, ili wasalimike. Kwa hiyo hatuwalaumu waliokwenda, maana kuiokoa nyumba nako ni wajibu. Lakini aliyebaki alitunza filamu na picha za waliokwenda pamoja na za majirani waliobaki. Leo mtoto aliyezaliwa ng'ambo akitaka kuiona Unguja ya bibi yake, huitafuta katika kazi ya mzee huyu.

Majirani zetu wanaoingia katika nyumba za Kihindu wameona ukutani picha ya babu au bibi aliyefariki, imevikwa shada la maua na kuwashiwa taa. Picha hiyo si pambo. Mbele yake mtoto hufundishwa kuinamisha kichwa na kutaja jina la mzee wake. Mpiga picha, awe wa dini yoyote, amekwisha kuhudumu katika ibada hiyo bila kujua.

Sisi wa Kamanga na Mwanza tunao urithi kama huo. Katika masanduku yetu zimo picha zilizopigwa siku za maduka ya zamani na viwanda vya kuchambulia pamba, watu wakiwa wamesimama ufukweni, Wahindu na Wasukuma pamoja. Nyingi hazina maandishi nyuma. Aliyezijua sura hizo akiondoka, picha hubaki ya mtu asiye na jina, na taa haina wa kuwashiwa.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama na majirani wote: zitoeni picha hizo, kaeni na wazee wetu wangali hai, andikeni kwa penseli nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka. Jina la jirani liandikwe sawasawa na la ndugu. Mzee Oza alitunza sura. Majina ni wajibu wetu.

Mwenyezi Mungu aipe roho yake amani. Om Shanti.