Muyaka bin Haji: mshairi wa Mombasa aliyeufumbia mji wake maneno

Mchezo wa kukisia neno la shairi unaujua, msikilizaji. Mtu anaandika ubeti kwenye kundi la simu, anaficha neno moja, halafu anasubiri. Kwa aliyekua Karagwe au Kyerwa akitegewa vitendawili jioni, mchezo huo si mgeni. Kuna mtu mmoja aliyeufanya kuwa jambo zito, hadi vitani. Ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840.

Mombasa ni mbali na kwetu. Lakini Kiswahili tunachokisema kilifika huku katikati ya karne ya 19 na misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Walipita Tabora, wakaweka kituo Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya mfalme wa Karagwe. Wakati huo Muyaka alikuwa ameshazikwa, ila mashairi yake yalikuwa bado midomoni mwa watu wa Mombasa.

Inakadiriwa alizaliwa karibu mwaka 1776. Mombasa ilikuwa chini ya Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani uliokuwa umekataa kuitii Omani. Muyaka alikuwa mtu wao, akiwatetea na kuwachochea kwa mashairi. Alitunga pia juu ya mapenzi, ufukara na mambo ya nyumbani. Wanaoandika habari zake husema ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Sifa hiyo tunaiona imezidi kidogo, kwa kuwa nyimbo za ngoma na za kazi zilikuwepo kabla yake. Ila ni kweli kwamba shairi la mistari minne lilipata nguvu mpya mikononi mwake, na kwamba aliyelisikiliza hakuhitaji kuwa mwanachuoni.

Tueleze kidogo shairi hilo linavyokwenda, maana hapo ndipo ulipo ufunguo wa kukisia. Kila mstari una mizani 16, nane kila upande, na kina katikati na mwishoni. Ukifichiwa neno la mwisho, hesabu mizani iliyobaki na uangalie kina cha mistari mingine. Zikibaki tatu na kina ni -ko, neno safari haliwezi kuingia hata kama maana inakubali. Linaweza kuwa mwaliko, kicheko au mfuko, na hapo maana ndiyo itakayochagua.

Hilo ndilo fumbo jepesi. Muyaka alikuwa na lile gumu: neno liko wazi mbele yako, lakini si lenyewe. Chukua neno kata. Kata huwekwa kichwani chini ya ndoo, kata huchota maji, kata ina diwani wake, na kata ni amri kwa aliyeshika panga migombani. Mji wake nao aliweza kuuita Mvita, Kongowea au Gongwa. Tena alitumia Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambamo njaa ni ndaa, macho ni mato, na ndoo si chombo cha maji bali ni njoo. Msomaji wa huku akikutana na ndoo hiyo anaweza kutafuta kisima kisichokuwepo.

Mafumbo yalikuwa lugha ya siasa siku zile. Inasimuliwa kwamba Abdallah bin Ahmad aliposhika uliwali wa Mombasa mwaka 1814, Seyyid Said wa Omani alitegemea zawadi ya utii. Liwali akampelekea fulana ya vita ya chuma, baruti kidogo, risasi na kibaba cha kupimia nafaka. Hakukuwa na haja ya barua. Seyyid Said alielewa kwamba anaitwa vitani.

Kabla ya hapo, karibu mwaka 1812, majeshi ya Mombasa na Pate yalikuwa yameivamia Lamu na kushuka Shela, katika vita vinavyoitwa vya Kuduhu. Mashairi yaliruka kutoka mji hadi mji kama mishale. Upande wa Mombasa alikuwapo Muyaka, na upande wa Lamu alikuwapo Zahidi Mngumi, kiongozi wa mji aliyekuwa mshairi pia. Aliyepokea shairi ilimbidi kwanza afumbue: nani anatukanwa humu, nani anatishwa, nani anabembelezwa abadili upande? Kisha naye ajibu kwa fumbo lake. Kukosea hapo hakukuwa kukosa pointi.

Mombasa ilishindwa. Kwa masimulizi ya Lamu, maji yalikupwa, vyombo vikakwama mchangani, na wengi wakauawa wakitafuta njia ya kurudi. Lamu, ikiogopa kisasi, ikaomba ulinzi wa Seyyid Said. Huyo akapata pa kukanyagia pwani, na mwaka 1837 akaichukua Mombasa. Wamazrui wakubwa wakakamatwa na kusafirishwa. Muyaka aliishi miaka mitatu tu baada ya kuuona mji wake ukiangukia mikononi mwa yule aliyempinga kwa mashairi miaka yote.

Mashairi yangeweza kupotea. Mengi yalikaa vichwani mwa watu, na aliyekuwa na funguo za mafumbo alizeeka nazo. Mkombozi wao ni mtu asiyetajwa sana, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa. Alikusanya mashairi kutoka kwa wazee, akamsaidia mmisionari Mwingereza William Taylor kuyaandika na kuyaelewa, maneno magumu pamoja na matukio yaliyoyazaa. Sikujua alifariki mwaka 1890. Sisi tunaamini bila yeye tungekuwa na mizani na vina tu, maana imekwenda.

Mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha Muyaka, William Hichens alizitumia karatasi za Taylor kuchapisha diwani yake huko Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa kitabu kingine jijini Nairobi, chenye maelezo marefu ya mashairi hayo. Mashairi ya Kuduhu, ya Mombasa na majibu ya Lamu, yalipata kitabu chao mwaka 1995, kazi ya Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff.