Dkt Paul Brand: Seremala aliyewarejeshea wenye ukoma mikono yao

MVUVI wa Msambweni ambaye mkono wake umekufa ganzi huvuta mshipi mpaka ukamkata nyama asihisi lolote; hulitambua jeraha pale aonapo damu. Mama wa Lungalunga mwenye mkono wa namna hiyo huepua chungu motoni bila kushtuka, akaja kugundua baadaye kuwa ameota malengelenge. Watu huona vidole vikipungua mwaka hadi mwaka, wakasema ukoma umevila.

Aliyeuonyesha ulimwengu kwamba sivyo ni Dkt Paul Wilson Brand, mpasuaji aliyejifunza useremala na uashi kabla ya kujifunza udaktari.

Brand alizaliwa Julai 17, 1914, katika milima ya Kolli, kusini mwa India, ambako wazazi wake Waingereza walikuwa wamishonari. Akiwa na umri wa miaka tisa alipelekwa Uingereza kusoma, na mwaka wa 1929, akiwa huko, babake alifariki India kwa homa. Kijana huyo hakuutaka udaktari, kwa kuwa usaha na vidonda alivyomwona babake akivisafisha vilimtia kinyaa. Badala yake alitumia miaka mitano kujifunza ujenzi, akizoea kushika mbao, mawe na vyuma. Baadaye moyo wake uligeuka, akasomea udaktari jijini London, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili akawatibu majeruhi wa mabomu.

Mnamo 1946 alirejea India kufundisha upasuaji katika hospitali ya Vellore. Mwaka uliofuata, Dkt Robert Cochrane alimwalika katika makao ya wagonjwa wa ukoma ya Chingleput. Huko alimpa mkono mgonjwa ambaye vidole vyake vilikuwa vimekunjika kama kucha za ndege, akastaajabu kubanwa kwa nguvu nyingi. Ikiwa mkono ule ulikuwa na nguvu hizo, basi misuli mingine ilikuwa bado mizima.

Kuanzia 1948, Brand na wenzake walianza kuzihamisha kano za misuli iliyo hai ili zifanye kazi ya ile iliyopooza. Vidole vilivyokunjika vikanyooka tena.

Hata hivyo, hapo ndipo tatizo jipya lilipochipuka. Baadhi ya wagonjwa walirudi hospitalini wakilalamika, kwa kuwa mikono iliyonyooshwa haikuwatia watu huruma na sadaka barabarani zilipungua. Brand akatambua kwamba kumnyosha mtu vidole bila kumpa kazi ya kuvitumia ni kuiacha tiba nusu. Akaanzisha kijiji kidogo cha vibanda hapo Vellore, kikaitwa Nava Jeevan Nilayam, yaani makao ya maisha mapya. Humo yule seremala wa zamani aliwafundisha wagonjwa kutengeneza vifaa vya mbao, ikiwemo midoli ya watoto.

Karakana hiyo ilimfunza mwalimu pia. Mikono ilikaguliwa kila siku, na kila jeraha jipya lilitafutiwa chanzo chake. Huyu alidhurika kwa mpini wa nyundo uliopasuka, yule kwa chombo cha moto. Siku moja kijana alimsaidia Brand kuzungusha ufunguo katika kufuli lenye kutu, akafaulu, lakini kidole chake kikachanika hadi mfupani bila yeye kujua. Kulikuwa pia na waliolala na vidole vizima, wakaamka vimepungua. Walipokeshewa usiku, ilionekana kuwa panya huwaguguna usingizini. Dawa ya hao ilikuwa paka, na kila mgonjwa aliyerudi kwao akapewa wake.

Hivyo kila mmoja alitafutiwa suluhisho lake: huyu mpini mnene, yule kitambaa cha kushikia sufuria, mwingine viatu vya soli ya mpira laini. Kazi ya namna hii ndiyo kiini cha tiba ya kazi, taaluma inayomrejesha mgonjwa katika shughuli zake za kila siku.

Fikra hizo zilifika Afrika Mashariki. Brand alikuwa miongoni mwa waliopendekeza kituo cha ALERT, kilichoanzishwa Addis Ababa, Ethiopia, mwaka wa 1965 ili kuwatibu wenye ukoma na kuwafunza wahudumu wa afya kutoka nchi mbalimbali za bara hili. Mnamo 1966 alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Marekani, na maarifa yake yakawafaa pia wenye kisukari waliopoteza hisia miguuni. Mkewe, Dkt Margaret Brand, alibobea katika kuyaokoa macho ya wenye ukoma. Brand alistaafu 1986, akafariki jijini Seattle mnamo Julai 8, 2003.

Historia yake inatuhusu sisi wa Pwani. Msambweni ina historia ndefu ya kuwatunza wenye ukoma, na kaunti za Kwale na Kilifi ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako wagonjwa wapya wameendelea kupatikana miaka ya karibuni. Dawa zipo, hutolewa bila malipo, na humezwa kwa miezi sita au kumi na miwili. Zinaua viini vya ugonjwa. Lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika hazifufui. Ndiyo maana mwenye baka la ngozi lisilohisi mguso anahimizwa afike kituo cha afya mapema.

Na kwa aliyechelewa, swali la Brand lingali lile lile: mkono huu unafanya kazi gani? Mkwezi wa minazi Diani na mama akunaye nazi Gazi hawawezi kupewa shauri moja. Anayetaka kuwasaidia hana budi kwanza kuwatazama wakiwa kazini.