Siti binti Saad: Muuza Vyungu wa Fumba Aliyeupa Mji Sauti



Katika kijitabu chetu cha mchango cha mwaka huu tumeona tumkumbuke mtoto wa kwetu ambaye jina lake linajulikana kila panapopigwa taarab. Wengi wetu tunajua kwamba Siti binti Saad aliimba. Wachache tunaeleza watoto wetu alianzia wapi, aliimba nini, na kwa nini wakubwa wa mji walikuwa na sababu ya kuziogopa nyimbo zake.

Alizaliwa hapa Fumba mnamo mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Zama zile jina hilo halikumshangaza mtu, kwani sheria ya kuondoa utumwa Unguja haikutoka mpaka mwaka 1897, naye keshakuwa msichana mkubwa. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, na alilipata kwa kazi yake mwenyewe.

Nyumbani kwao hapakuwa na mali. Mama yake alifinyanga vyungu, naye akavibeba kichwani kwenda kuviuza. Hakupata kusoma, hakujua hata kuandika jina lake. Lakini alikuwa na sauti. Alipokuwa akinadi vyungu vyake, watu walimsikia kabla hawajamwona. Shule yake ya kwanza ya kuimba ilikuwa njia ya kutoka Fumba kwenda mjini, na ada yake ilikuwa jasho.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko akakutana na Ali Muhsin, mpigaji muziki aliyetambua kipaji chake na kumfundisha. Kwa kuwa hakujua kusoma, kila wimbo aliuhifadhi kichwani, hata nyimbo za Kiarabu. Taratibu akaungana na wenzake: Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Maalim Shaabani na Mbaruku Effandi. Kundi hilo likawa halina mfano katika mji wa Unguja.

Lazima tufahamu taarab ilikuwa nini wakati ule. Ilikuwa starehe ya jumba la Sultani na ya wenye nasaba, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba Kiarabu pia, na alialikwa majumbani mwa wakubwa na mbele ya Sultani. Lakini nyumbani kwake Ng'ambo, walikokaa wachukuzi, wavuvi, wapishi na mayaya, aliimba kwa Kiswahili, na mashairi yake yalikuwa habari za mtaani. Usiku watu walikusanyika, wakasimuliana yaliyotokea mchana, na yaliyosimuliwa yakageuka nyimbo.

Wala hazikuwa nyimbo tupu. Kundi lake liliigiza pia michezo mifupi ya kuchekesha, watu wakiigwa mwendo wao, maneno yao na majivuno yao. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kicheko hicho kilikuwa na kazi yake, kwa sababu mnyonge hakuweza kumjibu mkubwa barazani wala mahakamani, ila usiku aliweza kumcheka, na kesho yake asimwogope kama jana.

Mfano mzuri ni wimbo wake wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, na mtuhumiwa akatorokea Bara. Wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wakajikuta wao ndio wanaoadhibiwa. Kilio chao Siti alikitia katika wimbo, na mpaka leo tunajua kwamba siku ile haki ilipotea. Aliimba pia juu ya matajiri wenye kula haki za watu na juu ya wanaume wanaotesa wake zao.

Alipopata jina, wenye wivu hawakukosa. Walimtungia wimbo wa kumcheka kwamba ametoka shamba na kaniki zake, na kwamba uzuri wa sura hana. Siti hakugombana na mtu. Alijibu kwa wimbo wake, akawaonyesha kwamba utu haupimwi kwa sura wala ukoo bali kwa akili. Jibu hilo likakumbukwa kuliko tusi lenyewe.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Santuri hizo za Kiswahili zilinunuliwa kwa maelfu, zikasikika pwani yote na mbali zaidi. Mtu aliyekaa bara ya mbali, asiyejua Fumba iko upande gani, alimjua binti wa Fumba kwa sauti.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya hapo alikuwa amemsimulia maisha yake Shaaban Robert, aliyeyaandika katika kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Mwanamke asiyejua kusoma akawa kitabu kinachosomwa na wanafunzi. Na waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao kupitia TAMWA, waliliita Sauti ya Siti.

Ndugu zetu, hatumtaji Siti kwa kujisifu tu. Siti alifika alikofika kwa kipaji kisicho cha kawaida, na kwa bahati ya kukutana na mwalimu mmoja aliyemsikiliza. Katika umri wake Fumba walikuwako wasichana wangapi wenye akili kama yake, ambao hawakumpata mwalimu huyo? Hao hatuyajui hata majina yao. Leo kipaji cha mtoto hakipaswi kungoja bahati.

Ndiyo maana mchango wa mwaka huu unakwenda katika mfuko wa elimu wa jumuiya yetu: madaftari, sare, nauli ya skuli na msaada kwa wasichana wanaotaka kuendelea na masomo. Kila mmoja atoe alichojaaliwa. Haba na haba hujaza kibaba, na mama yake Siti alilea mtoto wake kwa chungu kimoja kimoja.

Mwenyezi Mungu amrehemu Siti binti Saad, na atubarikie watoto wetu.